Fulana ya polo ofisini

Ndugu, umeuliza kama fulana ya polo inafaa katika ofisi inayotaka mavazi nadhifu bila kulazimisha suti wala tai. Kwa maoni yangu inafaa kabisa, ila si kila fulana yenye kola, kwa kuwa ile ya kitambaa chepesi kinachong'aa ni ya uwanjani, na ile yenye nembo kubwa kifuani humfanya mtu aonekane kama yumo katika shughuli ya matangazo.

Vazi hili lenyewe lilitokana na joto. Mcheza tenisi Mfaransa René Lacoste alichoshwa na mashati ya mikono mirefu yaliyovaliwa viwanjani, akaanza kuvaa fulana ya pamba ya mikono mifupi, iliyofumwa kwa vitundu vidogo vinavyopitisha hewa, na mwaka 1933 akaanza kuiuza pamoja na André Gillier, mwenye kampuni ya nguo za kufuma. Kwa anayefanya kazi Dar es Salaam mwezi Februari, sababu hiyo ina uzito.

Chagua pamba nzito ya rangi moja, bluu iliyokoza au nyeupe, mshono wa bega ukae begani, uchomekee kwenye suruali ya kitambaa yenye mkanda, na uvae viatu vya ngozi. Kola ndiyo inayoharibu kila kitu: ikishajikunja ncha, hata pasi haiirudishi, kwa hiyo fulana hiyo ibaki ya nyumbani.

Siku ya kukutana na mteja mgeni, tafadhali vaa shati.