Taa siyo inayong'arisha

Umeuliza kama ile taa ya bluu ya daktari wa meno ndo inafanya meno yawe meupe, jibu ni hapana. Kazi yote ni ya dawa, haidrojeni peroksaidi, inapenya enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, inavunja rangi iliyojificha ndani ya jino, na tafiti nyingi zikilinganisha waliomulikwa na wasiomulikwa tofauti inakuwa ndogo au haionekani kabisa.

Siku hizi watafiti wamekazana zaidi kupunguza ukali wa dawa, maana jeli za asilimia 35 mpaka 40 zinafanya watu wengi meno yaume yakiguswa tu na maji baridi. Zenye nguvu ndogo zinaleta weupe unaokaribiana, ila inabidi uvumilivu, na ile ya nyumbani ya trei (kifuniko cha plastiki unachovaa kwenye meno) yenye kabamidi peroksaidi asilimia 10, dawa inayotoa haidrojeni peroksaidi taratibu, iliyoandikwa kwenye majarida tangu 1989, bado inaheshimika sana. Wanapima pia kupaka potasiamu naitreti, chumvi ya kutuliza neva za jino, kabla ya dawa, inapunguza maumivu bila kuharibu weupe, hiyo mi naona ndo ya maana zaidi kwa mgonjwa.

Cheki kwanza kama una meno yaliyozibwa mbele, hicho kizibo hakibadiliki rangi.