Kabla hujamwita mbwa wako mkali, hakikisha haumwi

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, mbwa niliyemwokota nimemwogesha, nimemlisha, nimempa pa kulala. Sasa ananingurumia ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mume wangu anasema hana shukrani, tumwondoe. Nifanye nini?" Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likarefuka, nikaona bora niliweke hapa. Najua mko wengi mnaoishi na mbwa wa namna hiyo na mnatamani siku moja ajilaze miguuni penu bila wasiwasi.

Jibu langu ni moja: tafuta maumivu kwanza.

Nasema hivi kwa sababu ya mbwa wangu, Chui. Alipokuja kwangu alikuwa mifupa mitupu, manyoya yamenyonyoka mgongoni na kwenye viwiko, ngozi imekuwa nene na nyeusi. Harufu ya masikio yake ulikuwa unaisikia kabla hajaingia chumbani. Ukimgusa kichwa, anaonyesha meno. Ukisimama karibu na bakuli lake, anakakamaa mwili mzima na kula kwa pupa mpaka anapaliwa. Usiku alijikuna hadi damu.

Daktari wa kwanza niliyempelekea hakumgusa kabisa. Alimtazama kutoka mlangoni, akasema huyu ni mkali na amekwisha, nikubali achomwe sindano ya kumlaza moja kwa moja. Ndugu zangu wakamuunga mkono, na mmoja alinicheka waziwazi kwamba nimekosa la kufanya. Maneno yale bado yananichoma.

Daktari wa pili alikaa sakafuni. Alimvisha kifunga mdomo polepole, akamulika masikio, akaniita niangalie. Ndani kulikuwa kumevimba mpaka tundu limebaki dogo, na uchafu mweusi umechanganyika na usaha. Akaniuliza, "Wewe ungekubali kushikwashikwa hapa?" Sikuwa na la kujibu. Kisha akakwangua ngozi kwa kiwembe hadi ikatoa damu kidogo, akaipeleka kwenye hadubini.

Hapo nilijifunza kwamba kinachoitwa ukurutu wa mbwa si kitu kimoja. Utitiri aina ya Sarcoptes huambukiza mbwa wengine na unaweza kumwasha hata binadamu. Aina ya Demodex huishi kwenye ngozi ya mbwa wengi bila kuwadhuru, halafu hulipuka kinga ya mwili inaposhuka, na hauambukizi watu. Matibabu yake hayafanani kila mara. Kwa hiyo nawasihi, acheni kumpaka mbwa oili chafu ya gari. Atajilamba, na sumu yote itaishia tumboni. Acheni pia kukadiria dawa ya ng'ombe. Ivermectin, dawa hiyo ya kuua wadudu, ni nzuri kwenye mikono ya anayejua kipimo, lakini mbwa wa jamii ya Collie (mbwa wa kuchungia kondoo) na baadhi ya mbwa wenye damu yake inaweza kuwaua.

Kipimo cha damu kilionyesha pia ugonjwa unaoletwa na kupe, ule ambao vijidudu vyake huingia kwenye chembe nyeupe za damu. Ndiyo maana fizi zake zilikuwa zimepauka. Mnyanyulie mbwa wako mdomo wa juu leo utazame: fizi za mbwa mzima huwa na rangi ya waridi, isipokuwa wale wenye fizi nyeusi kwa asili. Chui alipewa antibiotiki ya wiki 4, na sikuiacha alipoanza kuchangamka, kwa sababu wengi huacha hapo ugonjwa ukarudi.

Miezi iliyofuata ilikuwa vidonge, kuogesha na kufua matandiko. Niwasimulie masikio.

Niliweka chupa ya dawa ya masikio sakafuni, imefungwa. Akiinusa, anapata kipande cha nyama. Siku nyingine naishika mkononi tu, nyama. Kisha chupa karibu na shavu, nyama. Kisha naigusisha sikio, nyama. Wakati wote nilikuwa namsoma uso. Akilamba midomo ilhali hakuna chakula, akipiga miayo bila usingizi, akigeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana pembeni, nilikuwa naacha papo hapo na kurudi hatua moja nyuma. Wiki iliyopita alikuja mwenyewe, akakaa, akainamisha kichwa, nikamdondoshea dawa masikio yote mawili bila kifunga mdomo. Nilijivuna na ninaendelea kujivuna. Natamani yule aliyetaka kumchoma sindano angekuwepo.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu kunguruma. Usimpige mbwa anayenguruma. Anakuambia anaogopa au anaumia, na ukimchapa mpaka akanyamaza, hofu inabaki palepale ila siku nyingine atauma bila onyo. Hata mtu mwenye jino bovu hukasirika ukimgusa shavu, na hakuna anayemwita katili. Ondoka, mpe nafasi, kisha jiulize anaumwa wapi. Masikio, meno, nyonga, ngozi, tumbo. Angalia maumivu kwanza.

Bakuli nalo, usimnyang'anye ili kumwonyesha nani bosi. Mimi nilipita mbali na kumrushia kitu kitamu kuliko alichokuwa anakula, nikaendelea na safari yangu. Siku baada ya siku nikapita karibu zaidi, mpaka akawa ananitazama kwa hamu nikikaribia. Na kama amekonda sana, mpe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Mwili uliozoea njaa ukijazwa chakula ghafla, madini kwenye damu huvurugika na mbwa anaweza kufa.

Mkiwa na watoto, msiwaache peke yao na mbwa ambaye bado anatibiwa, hata dakika moja. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Akiuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Na panadol yako usimpe. Dawa za maumivu za binadamu zimeua mbwa wengi waliopendwa.

Chui hajawa mbwa wa kukumbatiwa na kila mtu, nami simlazimishi. Bado hapendi kushikwa shingo, na masikio yake nitayasafisha maisha yake yote. Wageni nawaambia mlangoni: msimkazie macho, msimwinamie, mwacheni aje mwenyewe akitaka. Asiyeweza kufuata hilo tunazungumza naye nje.