Daftari la vihatarishi tunalo, tujipe alama ngapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko taasisi moja ya umma hapa Dar, nimepewa uratibu wa vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kukwamisha malengo yetu, juu ya kazi yangu ya mipango. Tumeambiwa tujipime tunasimamiaje vihatarishi, moja mpaka tano, na bosi anataka tujipe nne maana sera tunayo, daftari la kuviorodhesha tunalo, kamati inakaa kila robo mwaka. Mimi roho inasita. Nitajuaje ukweli, na nitamwambiaje asione namchongea? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo roho inayosita isikilize.

Vipimo vya ngazi tano vipo vingi, mimi napenda kile cha Wizara ya Fedha ya Uingereza, walikitoa 2009 kwa ajili ya idara za serikali yao. Kina maeneo saba: uongozi, sera na mikakati, watu, washirika, taratibu, halafu vihatarishi vyenyewe vinashughulikiwaje, na mwisho matokeo. Ngazi ya kwanza mnaelewa tu jambo lenyewe, ya tano mmeshabobea. Sasa angalia bosi wako anahesabu nini, sera, daftari, kamati, vyote viko kwenye yale matano ya mwanzo. Yale mawili ya mwisho hajayagusa na huko ndo kwenyewe.

Nimekuwa mkaguzi wa ndani miaka mingi, kuna ofisi moja siisahau. Kwenye daftari lao kukatika umeme kumepakwa rangi nyekundu, pembeni wameandika jenereta la akiba lipo, kihatarishi kimedhibitiwa. Nikashuka chini nikamkuta mlinzi, tukafunua turubai, jenereta lipo kweli ila betri imechomolewa ipo kwenye gari la ofisi, tanki ukiligonga linalia tupu, nikauliza ufunguo akasema anao fundi na fundi anakaa Chanika, huko pembezoni mwa jiji. Nikarudi juu nikafungua madaftari ya robo nne zilizopita, sentensi ni ileile, mpaka "jeneleta" limekosewa vilevile mara zote nne, kilichobadilika ni tarehe tu. Na hao walikuwa wamejipa nne! Iliniuma kwasababu pale kaunta wananchi walikuwa wanaambiwa rudini kesho.

Kwahiyo usianzie kwenye makabrasha, chukua vihatarishi vitatu vya juu kabisa, kila kimoja kifuate kwa miguu mpaka mwisho wake. Mwenye nacho ni nani, na ukimuuliza ghafla kwenye korido anajua kama ni chake? Hela yake iko kasma gani, yaani mstari gani wa matumizi, kwenye bajeti? Na menejimenti imewahi kubadilisha uamuzi gani kwa ajili yake, muhtasari wa kikao uonyeshe. Ukikosa uamuzi hata mmoja, nne haipo hapo. Halafu geuza, chukua yaliyowapata mwaka jana uone kama yalikuwemo kwenye daftari. Sisi wa Dar tunaijua Jangwani, mto Msimbazi ukifurika barabara inafungwa, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, sasa kama nyaraka au wafanyakazi wenu wanapita pale na daftari linasema tu "mabadiliko ya tabianchi", hakuna njia mbadala wala nani anatoa taarifa saa kumi na moja alfajiri, hapo bado kabisa.

Mkaguzi wenu wa ndani mshirikishe, atakushauri vizuri, ila usimwachie daftari, hawezi kulitunza halafu alikague yeye mwenyewe.

Kuhusu bosi, mwone peke yake kabla ya kikao, usimvizie mbele ya watu. Mwulize kwa upole, bosi hii nne wakaguzi wakiomba ushahidi tunawapa nini? Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) anakabidhi ripoti kwa Rais kila mwisho wa Machi, inaingia bungeni, na anayeitwa kwenye kamati kujieleza ni Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, siyo wewe mratibu. Mwonyeshe kwamba mbili yenye sababu na mpango inamlinda, na inampa hoja ya kuombea fedha, maana ukishajipa nne unaombaje hela ya kurekebisha?

Kwa maelezo yako naona mko kwenye mbili, labda tatu kwenye taratibu. Anza na kile kihatarishi cha kwanza kwenye daftari lenu, kesho asubuhi, kabla hujafungua kompyuta.