Gari langu linalala uani

SWALI: Shikamoo shangazi. Nakaa Uyole, hapa Mbeya, nauza vitenge soko la Mwanjelwa. Nina gari la mtumba, ila naliendesha siku mbili tu kwa wiki. Niliuze?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usihesabu mafuta peke yake. Mimi langu niliandika kila senti kwenye daftari mwaka mzima: bima, matairi, betri, na fundi aliyekuja "kusikiliza mlio" akaondoka na laki moja. Hata likilala, bima inadai. Nikaliuza. Sasa asubuhi napanda daladala, nikiwa na marobota ya mzigo naita bajaji. Baiskeli ninayo pia, lakini kwa vilima vyetu na mvua za Machi magoti yamegoma. Ila kama nyumbani kuna mgonjwa wa kukimbizwa hospitali usiku, usiliuze kwanza.