Maswali ya Wasomaji: Makumbusho ya Arizona na New Mexico

Swali: Tunakwenda Arizona na New Mexico mwezi Julai kwa siku nane, na tunapenda sanaa na historia. Tuanzie wapi, na kwa siku tuone makumbusho mangapi?

Jibu: Mawili kwa siku. Mkiingia la tatu mtakuwa mnatafuta viti, si vitu. Julai Phoenix hupita nyuzi 40 za Selsiasi, kwa hiyo magofu na matembezi ya nje ni ya alfajiri, na jua likishapanda ingieni ndani. Anzeni na Heard Museum mjini Phoenix, lililoanzishwa 1929, lenye zaidi ya sanamu 400 za katsina (roho takatifu) za Wahopi, wenyeji asilia wa Arizona, zilizotolewa na seneta Barry Goldwater. Kisha pandeni Flagstaff, kwenye Museum of Northern Arizona la 1928.

Santa Fe, mji mkuu wa New Mexico, ipewe siku tatu. Mji uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mgeni huumwa kichwa siku ya kwanza. Kunyweni maji mengi na msikimbilie vilima. Kwenye Museum Hill mnaegesha gari mara moja tu, kwani makumbusho ya sanaa za jadi za dunia na yale ya sanaa za wenyeji asilia yako jirani. Ukumbi wa Girard, ndani ya makumbusho ya sanaa za jadi za dunia, una vitu takriban 10,000 bila maandishi pembeni, kwa hiyo chukueni mwongozo mlangoni. Georgia O'Keeffe Museum, la mchoraji huyo, huuza tiketi za saa maalumu, nunueni mapema.

Alasiri za Julai huja na mvua za ghafla. Barabara inayokatiza korongo kavu ikijaa maji, geuzeni gari.

Swali: Jamaa zetu walitoka Flagstaff wakiwa na muda wa kutosha, lakini walipofika Window Rock makumbusho yalikuwa yamefungwa. Walikosea nini?

Jibu: Saa. Kuanzia Machi hadi Novemba sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mbele, New Mexico ikiwamo. Arizona haisogezi. Lakini Taifa la Navajo, eneo la wenyeji asilia wanaojitawala ambalo makao yake makuu ni Window Rock, husogeza, hata upande wake ulio ndani ya Arizona, na Wahopi, ambao ardhi yao imezungukwa na ya Wanavajo, hawasogezi! Ukipitia vijiji vya Wahopi, saa hubadilika mara tatu kabla hujafika. Ikiwa ni saa 10 alasiri Flagstaff, Window Rock ni saa 11, na makumbusho mengi hufunga saa hiyo. Simu nayo haiaminiki, maana hushika mnara wa upande wa pili wa mpaka. Zima marekebisho ya saa ya simu, uandike kila miadi pamoja na saa ya mahali husika.

Swali: Mbona baadhi ya makabati ya vioo yamefunikwa au ni matupu? Na mabakuli mengine yametobolewa chini kwa nini?

Jibu: Maswali hayo mawili yana jibu moja. Sheria ya shirikisho ya 1990 iliwapa wenyeji asilia haki ya kurudishiwa mabaki ya wahenga wao, vitu vya makaburini na vitu vitakatifu. Kanuni mpya zilizoanza Januari 2024 zinataka makumbusho yapate ridhaa yao kabla ya kuonyesha vitu hivyo. Ndipo makabati yakafunikwa.

Mabakuli ya Mimbres, utamaduni wa kale wa kusini-magharibi mwa New Mexico, kati ya mwaka 1000 na 1130 hivi, yaliwekwa juu ya uso wa marehemu baada ya kutobolewa kitako. Tundu hilo si uharibifu, na bakuli lenye tundu huenda limetoka kaburini. Msimbane mlinzi awafunulie.

Badala yake, tazameni kazi za wafinyanzi wa karne ya 20. Vyungu vyeusi vya Maria Martinez wa San Ildefonso, kijiji cha wenyeji asilia New Mexico, vilisuguliwa kwa jiwe hadi vikang'aa, mumewe Julian akachora kwa udongo mwepesi juu ya mng'ao. Moto ulizibwa kwa samadi kavu ya farasi. Oksijeni ikakosekana, moshi ukaganda, chuma kilichomo kwenye udongo kikawa cheusi. Inameni mkitazame chungu kwa ubavu: palipochorwa pamefifia, pasipochorwa panameremeta. Ukisimama wima mbele yake huoni kitu.

Swali: Tunaruhusiwa kupiga picha?

Jibu: Ndani, mara nyingi ndiyo, bila mwanga wa kamera; blanketi na karatasi huwekwa kwenye mwanga hafifu wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga) ili rangi zisipauke, ndiyo maana vyumba ni vya gizagiza. Vijijini kwa Wahopi, hapana: picha, michoro, wala kurekodi sauti.

Swali: Nitajuaje kwamba pete ya feruzi si ya bandia?

Jibu: Chini ya baraza la Palace of the Governors, jumba la kale la magavana mjini Santa Fe, muuzaji lazima awe ndiye aliyetengeneza au mtu wa nyumbani kwake, na kitu kiwe na alama ya fundi. Kwingineko, uliza kama jiwe ni la asili, limeimarishwa kwa gundi, au ni unga uliogandishwa. Kisha dai risiti yenye jina la fundi, kabila lake na aina ya jiwe. Anayesita kuandika, mwache na pete yake. Feruzi ya asili hunywa mafuta na manukato ikageuka kijani, kwa hiyo pete ivaliwe baada ya kujipaka, na ivuliwe kabla ya kuosha vyombo.