Kabla hujaamini kitabu kilicho mkononi mwa mtu pichani

Picha ya kwanza ya karne ya 19 niliyonunua, kwenye soko la vitu vikuukuu hapa London, ni kadi yenye picha ya mama aliyeketi na kitabu kinene mapajani, kidole chake kati ya kurasa. Nikasema moyoni: huyu alikuwa msomi, pengine mwalimu. Miezi kadhaa baadaye nikapata kadi ya kijana mwenye masharubu, ameshika kitabu kilekile, kona ya jalada imepinda vilevile. Kuzigeuza, mgongoni kuna jina la studio moja.

Kitabu kilikuwa cha mpiga picha!

Kwa hiyo unayeanza kukusanya, geuza kadi kwanza. Kadi hizi ndogo, ambazo mpiga picha Mfaransa Disdéri alizipatia hataza Paris mwaka 1854, mara nyingi zina jina la studio nyuma. Tafuta nyingine za studio hiyo, ulinganishe viti, mapazia, nguzo na maua. Kinachojirudia huenda ni mali ya studio. Ukikuta bibi amevaa kipini cha nguo chenye nywele za marehemu, pambo la kumkumbuka, au amepakata picha ya mtoto, hapo tulia: hicho kimetoka nyumbani.

Pete nazo zina mtego. Picha za kale zinazoitwa kwa jina la mvumbuzi wake Mfaransa, Daguerre, za bamba la shaba lililopakwa fedha, kwa kawaida hugeuza kulia na kushoto kama kioo. Tazama vifungo vya koti la mwanamume kabla hujasema pete iko mkono gani: vikiwa upande usio wake, picha imegeuzwa.

Anayenigusa kuliko wote ni Sojourner Truth, mwanamke Mmarekani Mweusi aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, aliyezaliwa utumwani New York. Katika kadi zake za 1864 kuna meza yenye kitabu na maua, kama kwa watu wengi, naye hakujua kusoma. Lakini mikononi ana kazi ya kufuma, uzi wa sufu umelala juu ya sketi. Kadi hizo aliziuza mwenyewe kujipatia riziki, haki akazisajili kwa jina lake, na chini yake pameandikwa kwamba anauza kivuli, yaani picha yake, ili kuutunza mwili. Mimi naamini uzi ule aliuchagua yeye.

Tangu hapo nimerudi kwa mama yangu wa kitabu na kioo cha kukuzia. Shingoni ana kipini cha nguo, kidogo cha duara. Katika kadi zote nilizopata za studio ile, sijakiona kwa mwingine.