Friji ya Gari la Safari Wakati wa Joto: Kwa Dereva Unayeanza

Mwaka wangu wa pili wa kuendesha watalii nilitupa kuku wa mchana wa watu sita. Ilikuwa Oktoba. Tulitoka Mto wa Mbu asubuhi, tukaingia Engaresero kando ya Ziwa Natron saa saba, jua likiwa utosini. Nilipofungua friji nikakuta soda zina uvuguvugu na nyama imeanza kunuka. Wageni walikula ndizi na biskuti, nami nikashinda nikimlaumu fundi aliyeifunga ile friji. Kumbe kosa lilikuwa langu. Alfajiri nilikuwa nimepanga mikoba yao ubavuni mwa friji, nikaibana vizuri isicheze njiani, na kwa kufanya hivyo nikaziba matundu yote ya kupumulia.

Kwa hiyo dereva mpya akikabidhiwa Land Cruiser, jambo la kwanza ninalomwambia ni hili: friji haitengenezi baridi. Inabeba joto lililomo ndani na kulitupa nje. Joto likikosa pa kutokea, friji itanguruma kutwa nzima na kuku ataharibika vilevile.

Friji nyingi za magari yetu zina kompresa ndogo ya volti 12, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupozea, kondensa, yaani mabomba yanayotoa joto nje, na feni ya kuipulizia. Weka kiganja kwenye matundu ikiwa inafanya kazi, utasikia hewa ya moto. Hiyo ndiyo joto lililokuwa ndani ya soda zako. Acha upenyo wa angalau upana wa kiganja pande zote zenye matundu, na mfundishe mpishi wako pia, maana yeye ndiye anayesukumizia makoti na masufuria hapo unapokuwa unazungumza na wageni. Kuifunika kwa blanketi ili jua lisiipige ni jambo zuri, ila funika kifuniko na pande zisizo na matundu tu.

Vumbi ni adui wa pili wa hewa. Ukivuka Ngorongoro kwenda lango la Naabi wakati wa kiangazi, lile vumbi laini kama unga linaingia hadi kwenye kondensa na kujishika humo. Kila nikirudi Arusha naipuliza kwa upepo wa gereji, nikiwa nimeizuia feni kwa kijiti isizunguke kwa kasi ikaharibika. Kazi ya dakika kumi. Nimeona friji iliyotangazwa imekufa ikifufuka kwa upepo huo peke yake.

Sasa umeme, na hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza fedha zao.

Friji ikikataa kupoza, mtu wa kwanza utakayemfikiria ni fundi wa gesi. Usiende kwake kwanza. Mfumo wa gesi wa friji hizi umefungwa kiwandani, na gesi yenyewe ni gramu chache. Haipungui kwa kutumika, inapungua kwa kuvuja. Fundi akikuongezea gesi kwa kukisia, akizidisha kidogo tu, ameiharibu friji iliyokuwa nzima. Anza na mita ya kupimia volti.

Pima volti kwenye plagi ya friji yenyewe, kompresa ikiwa inazunguka. Usipime kwenye betri, wala wakati friji imepumzika, kwani volti hupotea njiani pale umeme unapopita. Chukua waya wa milimita za mraba 1.5, mita tano kwenda na tano kurudi, ukibeba ampea tano: unapoteza karibu volti 0.6. Ukiweka wa milimita za mraba 6 unapoteza kama 0.15. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini friji hizi zina kinga ya betri inayozizima volti zikishuka. Friji nyingi zina hatua tatu za kinga, na ile ya juu kabisa hukata karibu na volti 11.8. Betri yako ikiwa na 12.1, ambayo kwa betri ya kawaida ni kama nusu, waya mwembamba unaifanya friji ione 11.5. Inazima. Wewe unaona betri ipo, gari linawaka, friji imezima, unasema imekufa.

Joto linazidisha tatizo hili. Usiku wa baridi pale Karatu kompresa inafanya kazi kidogo na kupumzika sana, hivyo betri inastahimili. Mchana wa Tarangire haipumziki. Ukiegesha saa mbili za chakula cha mchana huku injini imezimwa, betri inashuka kasi kuliko ulivyozoea. Kama gari lina betri mbili, moja ya friji na moja ya kuwashia injini, ishushe kinga ya friji hadi hatua ya chini, maana betri ya kuwashia iko salama. Kama ni moja, iache kinga juu na ukubali friji izime. Afadhali soda za moto kuliko gari lisilowaka porini.

Tena, usitegemee soketi ya kuwashia sigara. Plagi yake inalegea kwa mitikisiko, inapata moto, na kwenye magari mengi inakatika ukitoa ufunguo. Mwombe fundi umeme avute waya mnene moja kwa moja toka kwenye betri, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, si huku kwenye friji. Bila fyuzi hiyo, waya ukichubuka kwenye bodi unaweza kuunguza gari na watu wake.

Ukiwa na friji yenye kompresa ya Danfoss, ambayo siku hizi inaitwa Secop, na ina kitaa cha hitilafu, hesabu inavyowaka. Mara moja ni volti zimeshuka. Mara tatu ni kompresa imeshindwa kuanza. Mara tano ni kifaa chake cha elektroniki kimepata joto kupita kiasi, na hapo rudi kwenye habari ya matundu na vumbi.

Mzigo wenyewe una hesabu yake. Maji ya lita 20 yaliyokaa stoo kwenye nyuzi 35, ukitaka yafike nyuzi 5, unapaswa kuyaondolea joto la karibu wati-saa 700, yaani wati 700 kwa saa nzima. Kompresa ndogo siku ya joto inaondoa joto la labda wati 50 hadi 80. Piga hesabu: saa tisa hadi kumi na nne bila kupumzika, na hapo hujafungua kifuniko hata mara moja. Dereva anayepakia maji ya moto saa kumi na mbili asubuhi na kuyataka ya baridi saa sita anaidai friji kitu isichoweza.

Ndiyo maana kazi ya friji inafanyika usiku. Ichomeke kwenye umeme wa hoteli, pakia vilivyokwisha kupoa, na omba jikoni wakugandishie chupa nne za lita moja, zisijazwe hadi juu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza karibu wati-saa 93, kwa hiyo chupa hizo nne zinafanya zaidi ya nusu ya kazi niliyoitaja, na baadaye zinakuwa maji ya kunywa.

Vinywaji vya njiani mimi siviweki kwenye friji kabisa. Naviweka kwenye boksi la kawaida lenye barafu, kwa sababu hilo litafunguliwa mara arobaini kwa siku. Friji naiachia chakula, na inafunguliwa mara mbili tu.

Ukiegesha, tafuta kivuli kitakachokuwepo baada ya saa moja, si kile unachokiona sasa. Kikikosekana, geuza gari upande wa friji usitazame jua, na acha paa limeinuliwa hewa ipite.

Kuna wageni wanaokodi magari ya kulala yenye friji isiyo na kompresa, inayofanya kazi kwa moto wa gesi ya mtungi. Hiyo inahitaji gari lisimame sawasawa, kwa kuwa maji na amonia ndani yake vinatembea kwa mteremko wa mabomba. Ikiegeshwa ikiwa imelala upande kwa muda mrefu inaweza kuharibika moja kwa moja. Wakikuomba msaada, angalia kwanza gari lilivyosimama, kisha matundu ya nyuma.

Nunua pia kipimajoto kidogo, ukitumbukize kwenye chupa ya maji katikati ya friji. Namba ya kwenye kioo cha friji inaonyesha mahali kilipo kihisio chake tu. Chakula kikae chini ya nyuzi 5.

Mara kwa mara mgeni atakukabidhi insulini. Mwaka jana mama mmoja mtu mzima alinipa kipochi chake asubuhi ya kwanza, akanishika mkono bila kusema neno. Insulini isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka tena ikaonekana safi. Kwa hiyo siiweki karibu na ukuta wa friji wala na chupa za barafu. Naifunga kwa taulo, ndani ya kopo, juu kabisa. Siku zote sita za safari ile, kila nilipozima injini nilikwenda kwanza kusoma kipimajoto, ndipo nikawashusha wageni.